Mama Yako ni wa Ukoo Gani

Kisiwani Nauru hakuna anayejali sana baba yako ni nani. Baba ni mtu mzuri, analeta samaki, anapanda mnazi kugema tembo, na akifa analiliwa kama inavyostahili. Lakini ukitaka kumjua mtu hasa, unamuuliza mama yake ni wa ukoo gani. Akikujibu, basi umemmaliza: umeshajua shamba lake liko wapi, wajomba zake ni akina nani, nani watamzika, na ni akina nani asioruhusiwa kuwatazama kwa jicho la mapenzi hata akiwa amelewa. Asiye na jibu huingizwa Iruwa, ukoo wa wageni. Watu wa Iruwa wanakula vizuri na kulala vizuri, na hakuna anayewatukana hadharani. Ila ni wageni.

Kwa hiyo siku Eiwida alipomwambia mama yake kwamba anataka kuolewa na Dagaro, mama yake alijikata kidole.

Walikuwa nyuma ya nyumba, pale Buada, wakiparua samaki wa mwatiko waliotolewa ziwani asubuhi ile. Elfrida alikinyonya kidole chake, akatema damu, akauliza jambo alilokuwa akilijua.

"Dagaro yupi?"

"Mama, kwani kuna Dagaro wangapi?"

"Dagaro wa Roswita?"

"Huyo huyo."

"Umelogwa wewe! Roswita ni dada yangu. Huyo ni kaka yako!"

"Ni dada yako wa ukoo, mama. Si wa tumbo moja."

"Ukoo ndio tumbo lenyewe," alisema Elfrida. "Wewe ni Eamwit, yeye ni Eamwit. Eamwit kwa Eamwit hawaoani. Hilo hata watoto wako wa darasa la kwanza wanalijua, mwalimu mzima unasimama hapa na mikono imejaa magamba unaniambia upuuzi."

Eiwida hakubisha. Laiti angebisha, Elfrida angepata wa kugombana naye. Msichana alikiweka kisu chini taratibu, akasema, "Nimejaribu kumwona kaka. Mwaka mzima nimejaribu. Yeye pia amejaribu, mpaka akahama zamu kule kwenye kupakia mbolea melini ili tusikutane njiani. Tumeshindwa, mama." Ndipo akalia, bila kujifunika uso, kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo.

Zamani wawili kama hao wangefukuziwa baharini. Siku hizi hakuna wa kumfukuzia mtu baharini. Kuna wajomba wa kukataa na ndimi za wanawake. Mimi ningechagua bahari.

Lakini kilichomkata Elfrida siku ile hakikuwa kisu, wala aibu. Eiwida hakuwa dada wa mtu yeyote. Hakuwa Eamwit. Hakuwa hata Mnauru. Mtu aliyeweza kumpa ruhusa ya kuolewa na Dagaro alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa amekaa pale na kidole mdomoni.

Wakati wa vita, Wajapani walipowasomba watu kwenda visiwa vya mbali vya Truk, Elfrida alipakiwa pamoja na mumewe na binti mchanga aliyeitwa Eiwida, jina la mama yake Elfrida. Mume alikufa kwa kuhara damu. Mtoto naye akafa, kwa njaa, wala hakuna haja ya kuitafutia jina jingine. Alizikwa chini ya mshelisheli, katika kisiwa cha watu. Elfrida hakuwa na dada. Mama yake hakuwa na binti mwingine. Nyumba yao yote ndani ya ukoo ilizikwa pale, katika shimo dogo walilolichimba kwa mikono na kwa vipande vya bati.

Jirani na kambi yao aliishi bibi mmoja wa Truk, mwenye mjukuu wa kike wa rika lile lile, aliyefiwa na mama. Bibi alikuwa mgonjwa, na alijua haendi mbali. Vita vilipokwisha na meli ikaja kuwachukua Wanauru, alimfuata Elfrida ufukoni, akamwekea mtoto mapajani. Hakuomba kitu. Elfrida alipanda meli na mtoto, na alipoulizwa jina la mtoto alisema Eiwida.

Nani angemtambua? Watu walikuwa wametawanywa visiwa mbalimbali kwa miaka mitatu, na waliorudi wote walikuwa ngozi na mifupa. Mtoto alipotamka maneno ya Kitruk, Elfrida alisema njaa imemvuruga ulimi. Wakaamini, kwa sababu walitaka kuamini. Zaidi ya theluthi ya watu walikuwa wamebaki kwenye udongo wa kule, na kila mtoto aliyeshuka gatini alikuwa muujiza. Wazee walishasema tangu zamani kwamba Wanauru wakipungua chini ya elfu moja na mia tano, jina lao litafutika duniani. Basi kila kichwa kilihesabiwa, na Eiwida akahesabiwa. Miaka mitatu baadaye idadi ilipotimia, kisiwa kizima kilicheza na kulia kwa wakati mmoja, na Eiwida alicheza mstari wa mbele, hana meno ya mbele, ana shada la maua lililomteremkia machoni. Roswita ndiye aliyemwinua juu watu wamwone. Huyo ndiye aliyekuwa Mnauru kuliko Wanauru.

Na kwa kweli, Elfrida alikuwa ameshasahau. Watu hawaelewi jambo hili wakilisikia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ukimwogesha mtoto, ukamtoa chawa, ukakesha naye akiwa na homa, ukagombana naye juu ya nguo ya Jumapili, unafika mahali huoni tena kwamba kuna mwingine aliyemzaa. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na Elfrida alikuwa ameifanya kazi yote.

Siku zilizofuata Eiwida alikwenda shuleni na kurudi, akapika, akafua, wala hakumlalamikia mtu. Alikonda tu. Elfrida alipoona mifupa ya mabega inatokeza, alishikwa na hofu ambayo hakuwa nayo tangu Truk. Akaenda kwa kaka yake.

Bagewa alikuwa ufukoni, chini ya jukwaa la miti wanapotua ndege wake wa bahari, wale wenye mabawa marefu ambao wanaume wa kule huwafuga kwa fahari kuliko wanavyofuga wake zao. Alikuwa akimrushia mmoja vipande vya samaki na kumsifia sura.

"Mtazame huyu," alisema. "Anaweza kwenda anakotaka, mbingu yote ni yake, lakini jioni anarudi kwangu. Mke wangu hajawahi kunifanyia hivyo."

"Bagewa, nataka kusema ukweli juu ya Eiwida."

Kaka yake aliacha kurusha samaki. Yeye peke yake alikuwa anajua; wengine wawili waliojua walikuwa vikongwe, na walishakwenda na siri yao kaburini.

"Usithubutu," alisema.

"Anakonda."

"Mwache akonde, atanenepa. Wasichana wote hulia. Mimi nilipokataliwa yule wa Anetan nililia wiki nzima, na leo nikimwona anavyomfokea mumewe namshukuru Mungu kwa sauti."

"Hakuna kizuizi kati yao, Bagewa. Hakuna! Mimi ndiye kizuizi. Nikifungua mdomo, wameoana."

"Ukifungua mdomo, anakuwa mtu wa Iruwa. Na watoto wake Iruwa, na wajukuu. Wewe umemtoa kwenye mavumbi ukampa mama, ukampa wajomba, ukampa shamba la mama yetu, sasa unataka kumvua nguo sokoni ili apate mwanamume? Wanaume wamejaa, dada. Wanatembea barabarani bure."

"Yeye anamtaka huyu."

"Basi mwambie yeye kwanza. Achague mwenyewe."

Hapo Bagewa alisema neno la maana, pengine la pekee mwaka ule, na dada yake hakulichukua. Kwao mambo ya ndoa hayaanzi kwa mtoto. Huanza kwa akina mama, jikoni, wakinong'onezana juu ya sufuria, na vijana huletewa habari ikiwa imeiva. Elfrida aliyekuwa amevunja desturi kubwa kuliko zote hakutaka kuivunja hii ndogo. Tena kulikuwa na maneno ya Roswita mwenyewe, aliyoyasema wiki iliyopita wakisuka mikeka ya majani ya mkadi, machozi yakimlenga: "Dada, mimi nimevunjika moyo kuliko wewe. Hakuna msichana kisiwa hiki ninayemtaka kama Eiwida. Angekuwa wa ukoo mwingine, wowote ule, ningekuja na nguruwe wawili na mikeka, na ningetembea kwa magoti. Ni ukoo tu, dada. Ni ukoo tu."

Ni ukoo tu. Elfrida aliyalalia maneno hayo na kuamka nayo. Aliyaamini kama mtu anavyoamini ubao wa kuvukia mtaro.

Alimkuta Roswita jikoni, anakuna nazi. Roswita alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, na alimwekea mgeni wake kiti na chai kabla hajauliza kilichomleta. Elfrida hakunywa. Alieleza kuanzia mshelisheli mpaka meli, bila kuinua macho, na alipomaliza akasema, "Kwa hiyo si wa ukoo wetu. Wanaweza kuoana, dada. Ulisema ni ukoo tu."

Mbuzi ya nazi ilikuwa imenyamaza.

"Yule mtoto niliyempokea gatini?" Roswita aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Niliyemkumbatia, nikasema afadhali mmoja amerudi?"

"Ndiyo, dada."

"Nilizika wawili kule, Elfrida. Wawili. Unajua majina yao, ulikuwepo wakibatizwa." Aliinuka, na nazi ikaanguka ikabingirika mpaka mlangoni. "Nilirudi mikono mitupu. Nilishuka melini bila kitu, hata kitambaa cha mtoto sina. Kule watoto yatima walikuwa wamejaa, mimi pia niliwaona! Sikuchukua wa mtu. Nilikuja nikawalilia wangu. Wewe hukulia, ulibadilisha!"

"Nililia, Roswita. Mungu anajua."

"Wapi? Nani alikuona? Eiwida yule mdogo, binti wa ukoo wetu, nani alimlilia? Hakuna hata mtu mmoja aliyemwimbia, kwa sababu wewe ulituletea mtoto wa watu ukasema ni yeye! Na ile siku ya kuhesabiwa tulicheza! Mimi nilimbeba juu, na visigino vyangu vikatoka damu kwa kucheza, kwa hesabu ya uongo!"

"Yeye hana kosa. Dada, nakuomba. Dagaro..."

"Dagaro haoi uongo wako. Ondoka jikoni kwangu."

Elfrida aliondoka. Nyuma yake alimsikia Roswita akilia, kile kilio kirefu cha msibani, na majirani wakitoka kuuliza nani amekufa. Roswita aliwajibu. Hakuwa mtu mbaya, na katika maisha yake yote hakuwahi kumsengenya mtu, lakini siku ile aliwajibu wote, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anafiwa, na mfiwa hafungwi mdomo.

Kisiwa chenyewe unakizunguka kwa baiskeli kabla chai haijapoa. Elfrida alitembea kwa miguu, na habari ilimpita njiani. Alipofika nyumbani Eiwida alikuwa ameshafika, na shule ilikuwa bado haijatoka. Amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, mikono juu ya magoti. Chaki ilikuwa bado vidoleni.

"Mama wa mtoto mmoja amekuja kumtoa darasani kwangu," alisema. "Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia."

Elfrida alikaa chini, mbali kidogo.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Nani mwingine alijua?"

"Mjomba wako."

"Mjomba wangu," alisema Eiwida, kama anayeonja kitu kuona kama kimeoza. "Na leo umemwambia Mama Roswita kabla yangu."

"Mambo ya ndoa huanza kwa wakubwa, mwanangu. Ndiyo desturi..."

"Desturi ya nani? Ya kwenu?"

Elfrida aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kilio na kwa matusi. Neno hilo moja hakuwa amejiandaa nalo.

"Nilitaka upate unachokitaka," alisema. "Ulikuwa unakonda. Nilizika mmoja akiwa amekonda vile. Sikuweza tena, Eiwida. Nilisema acha nikose mimi, yeye apate."

Nje kulisikika baiskeli ikitupwa chini na Dagaro akaingia bila hodi, vumbi jeupe la mbolea bado liko kwenye nyusi. Alikuwa anacheka. Maskini, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyezaliwa baada ya vita, na kitu pekee alichosikia katika habari nzima kilikuwa kimoja.

"Eiwida! Tumepona! Wewe si dada yangu!" Alimwona Elfrida, akashusha sauti kidogo. "Samahani, mama. Lakini kweli si tumepona? Mama yangu atapiga kelele mwezi mmoja, miwili, atachoka. Namjua. Tutaoana hata kama ni kwa mchungaji peke yake na mbwa wake."

"Unamwoa nani, Dagaro?" Eiwida aliuliza.

"Nani tena? Wewe. Eiwida."

"Eiwida alikufa Truk. Alikuwa mtoto mdogo."

Kicheko kilimtoka Dagaro usoni polepole. Alimtazama, akamtazama mama, akamrudia. "Mimi namwoa huyu ninayemwona," alisema. "Aitwe vyovyote."

Lilikuwa jibu zuri. Siku nyingine yoyote lingetosha kumjengea mtu nyumba. Eiwida aliinuka, akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole chenye chaki, akalizidisha tu.

"Nenda nyumbani, Dagaro. Ukamshike mama yako, anawalilia watoto wake. Mimi siwezi kukupa mtu ambaye mwenyewe simjui."

"Nirudi kesho?"

Eiwida alirudi kukaa kwenye mkeka. Dagaro akatoka, na hawakumsikia akipanda baiskeli, aliikokota.

Wakabaki wawili. Elfrida alisogea akamgusa mguu, na msichana hakuuondoa. Kwa muda Elfrida alidhani basi, limepita, kwamba watalala na njaa, watanuniana mwezi mzima, halafu siku moja watacheka kitu kidogo jikoni na maisha yataendelea. Mama hawezi kuacha kudhani hivyo.

"Yule bibi," alisema Eiwida. "Aliniitaje?"

"Nini?"

"Nilikuwa na miaka minne, mitano. Mtoto wa umri ule ana jina. Wakati ananiweka mapajani mwako, alikwambia huyu anaitwa nani?"

"Aliniambia."

"Jina gani?"

Elfrida alifumbua mdomo. Alimwona bibi waziwazi: mikono yenye mishipa, kitambaa cha gunia kiunoni, jino moja lililotokeza. Aliuona ufuko na watu wakisukumana. Alimwona mtoto anavyogeuka kila bibi alipomwita. Midomo ya bibi ilicheza, na sauti haikutoka.

"Melini ulikuwa ukiniambia jina lako," alisema taratibu. "Nikikuita Eiwida, unatikisa kichwa, unajigonga kifuani, unalisema lako. Watu walikuwa karibu. Nilikuwa nakufinya. Nilikufinya mpaka ukaacha kulisema. Tulipofika hapa ulilisema mara moja tu, usingizini, nikakuamsha nikakuchapa." "Nilitaka usahau, mwanangu. Nilitaka sana usahau, nikasahau na mimi."

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki."

Eiwida alipiga magoti mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtu anayemshika mgonjwa ili anywe dawa.

"Jaribu, mama," alisema. "Hata mwanzo wake tu. Hakuna mwingine aliyebaki wa kumuuliza."

Elfrida alifumba macho akajaribu. Alijaribu huku mwanawe amemshika uso, na pumzi yake anaisikia shavuni, na kila jina lililomjia lilikuwa Eiwida.